Mama Aliyetutunzia Gambuti

Wiki hii nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya neno moja tu la Kiingereza, neno fupi kama subira yangu, nalo ni lile tunalolitamka "gamu". Nilikuwa nimeandika aya mbili, nimefuta moja, nimeinuka kwenda kuangalia chai jikoni, simu ikalia. Alikuwa binti wa mama mmoja wa Olenguruone, mtu mzima sasa mwenye watoto wake, na hakunisalimu. "Mwalimu," alisema, "mathe ametuacha." Nikamwuliza ni mama yupi, ingawa nilijua, maana akili ya mtu ikipigwa hutafuta kwanza pa kujificha. "Mathe wa gambuti," akasema, akanitajia siku ya mazishi na kukata simu. Nilisimama pale na simu mkononi hadi chai ikafurika na kuzima moto. Tangu siku hiyo sijatulia. Naketi, nasimama, nafungua mlango bila kujua ninachokitafuta nje. Mke wangu ameniambia niende matembezi au niandike, nichague moja, kwa sababu nyumba yetu si pana kama zile za matajiri wa Milimani na amechoka kunipisha koridoni. Basi nimechagua kuandika, na ile safu ya neno gamu mtaipata humu humu, vipande vipande, jinsi ilivyonitoka.

Kwa wale ambao hawajawahi kupanda huko juu, niwaeleze kwanza jambo ambalo kwetu lilikuwa la kawaida kama kunawa uso. Olenguruone kuna mvua, na palipo na mvua kuna tope, na tope la milima ya Mau halina heshima kwa cheo cha mtu. Mkulima, karani, mwalimu, mhubiri, sote tulitembea kwa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Nimewahi kumwona bibi harusi akiteremka mlima kwa gambuti, gauni jeupe limekusanywa mikononi mwa mashangazi, na hakuna aliyecheka. Tatizo lilikuwa safari ya Nakuru. Ukiingia mjini na gambuti, hata mwenye duka la maandazi anakuuliza viazi ni bei gani huko kwenu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Pale stejini, kwenye kituo cha magari, palikuwa na kibanda cha chai kilichojengwa kwa mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon, na mwenye kibanda hicho ndiye huyu mama. Uliingia na tope lako, ukaketi kwenye benchi, ukavua, ukanawa miguu kwenye karai, ukatoa viatu vya mjini kwenye mfuko wa plastiki, ukavivaa, na gambuti zako ukazipindua kwenye vijiti alivyovipigilia ukutani. Jioni ulirudi, ukafanya yale yale kinyumenyume. Asubuhi tulikuwa watu wa shamba, na baada ya kikombe kimoja cha chai tukawa watu wa ofisi. Mimi nilifundisha shule ya huko miaka mingi kabla ya kuhamia Nakuru na kujitafutia riziki kwa kalamu, na sidhani kuna ukuta ninaoukumbuka kuliko ule wa gambuti.

Tatizo la pili ni kwamba gambuti zote ni nyeusi na zote zinafanana. Kulikuwa na mhubiri wa kanisa dogo, mtu mnyofu, mkali kwa watu wa pombe kuliko hata machifu, ambaye gambuti zake zilibandikwa kiraka cha mpira wa gari kwenye kisigino. Kiraka hicho kilichora alama kwenye tope ambayo kila mtu wa eneo hilo aliijua. Jumapili moja wazee wa kanisa walikuja kumwona huyu mama wakiwa wamenuna, wakamwambia wamefuata nyayo za mhubiri wao kutoka stejini, kuvuka mto, hadi kwenye mlango wa mama pima anayepika chang'aa bondeni. Waliziona zikiingia kwa mstari na kutoka zikiyumba. Kikao cha kumfuta kilikuwa kimekwisha kuitishwa. Huyu mama hakubishana nao. Alitoa maji motoni, akajifunga leso, akaingia kanisani katikati ya kikao akiwa ameshika gambuti mkononi. "Hizi ndizo mhubiri wenu alivaa juzi kwenda kwake," aliwaambia, "na si zake. Zake zilibebwa na mlevi mmoja namjua, akaacha hizi. Muulizeni mhubiri kama hakushinda akilia vidole." Mhubiri akakiri mbele ya wote kwamba vidole vilimuuma hadi akadhani ni ugonjwa. "Sasa sikieni," akasema mama, "gambuti ikienda mahali, si lazima mwenyewe ameenda." Kuanzia siku hiyo kila mtu alitakiwa kuweka alama yake, uzi au tone la rangi ya kucha au alama ya msumari wa moto, na mama akazijua zote. Mlevi naye alipewa onyo kali ambalo sitaliandika katika gazeti linalosomwa na watoto.

Neno langu hilo la gamu pia ni yeye aliyelianzisha. Siku moja mvua ilituzuia kibandani, tukiwa wawili tu, akaniuliza kwa nini viatu hivi vinaitwa gambuti. Mimi mwalimu wa lugha, ukiniuliza swali kama hilo umenipa chakula. Nikamweleza kwamba gamu ni neno lililosafiri kuliko balozi yeyote. Wanaofuatilia asili ya maneno husema lilianzia kwa Wamisri wa kale waliokusanya utomvu wa migunga, likaingia kwa Wagiriki, likapita kwa Warumi na Wafaransa, na likafika Uingereza limechoka, limebaki silabi moja. Huko likapewa kazi kila mahali. Kinachotoka mtini na kukauka, gamu. Kinachobandika bahasha, gamu. Kile wanafunzi wangu walichotafuna darasani na kukiacha chini ya dawati, chingamu. Mpira ulipofika kutoka kwa miti ya mbali inayokamuliwa, nao ukaitwa gamu, na buti zake ndizo hizi zilizo ukutani. Mti wa Australia ulioletwa kwetu ulishe moto wa injini za reli, ule kamusi inauita mkaratusi na sisi tunauita bulugamu, nao ulipata jina kwa utomvu wake. Halafu kuna gamu ya kinywani, ufizi, ambayo wala si ndugu wa hizo nyingine. Hiyo ilizaliwa kwa wahenga wa Kiingereza wenyewe ikimaanisha ndani ya kinywa, ila zilikuja zikafanana sura, na leo asiyejua hudhani ni mapacha. Sisi, nikamwambia kwa majivuno, hatukulibebesha neno moja mizigo yote hiyo. Tuna utomvu wetu na ulimbo wetu wa kunasia ndege, tuna sandarusi na ubani tulivyopewa na Waarabu, tuna gundi ambayo huenda iliteremka na wafanyabiashara wa Bara Hindi, na ufizi tumeuachia kinywa peke yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikamua kitambaa cha kupangusia benchi. "Kwa hivyo hii gambuti ni maji ya mti?" aliuliza. Nikamwambia ni utomvu, ndiyo. "Na umesoma miaka yote hiyo ukajua hivyo?" Nikamwambia ndiyo, pamoja na mengine. "Sawa, mwalimu. Lakini bado hujaniambia mbona inanuka miguu." Alicheka hadi akashika meza, nami nikacheka ingawa nilikuwa nimekasirika kidogo. Kisha akatulia. "Hizo gamu mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja," akasema, "ziko na jina moja na hazipigani?" Nikamwambia maneno hayana shamba la kupigania. Alinielewa mara moja. Katika majirani zake wamo waliozaliwa pale, kama yeye, na wamo ambao wazazi wao walitoka mbali, wakanunua shamba, wakazaa, wakazika. Gambuti zao zilining'inia ukuta mmoja, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza ipi ni ya nani ila kwa uzi na rangi ya kucha.

Kisha ukaja uchaguzi ule ambao sote tunaukumbuka na hakuna anayependa kuutaja. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia Nakuru, kwa hiyo haya niliyasikia kwa mama mwenyewe. Alikuwa na rafiki, mjane wa wale ambao wazazi wao walitoka mbali, mkulima wa minji, au njegere kama wanavyotaka wenye kamusi. Marafiki wa kuazimana chumvi na kusukana nywele. Shamba la mjane lilikuwa ng'ambo ya kijito, yeye na marehemu mumewe walilinunua, na hati ilikuwa kwa jina lao. Asubuhi moja mjane aliteremka na magunia yake, akavua gambuti zenye uzi wa kijani, akavaa viatu, akanywa chai, akapanda gari kwenda kuuza Nakuru. Watoto wake walikuwa Njoro kwa shangazi yao, na hilo nalo ni la kumshukuru Mungu. Alasiri ile barabara zilizibwa kwa magogo na moshi ukaanza kupanda ng'ambo ya kijito. Jioni hakurudi mtu. Ukutani kwa mama zilibaki gambuti za rafiki yake na za wengine wengi, zimepinduliwa, zinangoja miguu.

Siku chache baadaye vijana wa pale walimjia. "Mathe, hizo gambuti za hao watu tugawie," walisema. "Hawarudi hao." Akawauliza, "Nani amewaambia hawarudi? Waliwaaga?" Wakasema wao ndio wanajua. "Hawa walienda sokoni," mama akawaambia. "Mtu akienda sokoni anarudi. Mimi sipeani vitu za watu." Walimtukana, wakamwambia amenunuliwa, wakaondoka. Gambuti zikabaki. Chifu alipoitisha baraza la kuhubiri amani, mama alisimama bila kupewa nafasi. Wakati huo shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amekwisha kuvuka kijito na kupanda viazi katika shamba la mjane. "Mimi niko na gambuti za jirani yangu," alisema mbele ya wote, "na shemeji yangu ako na shamba yake. Mimi nimesema hizi ni za mwenyewe. Yeye naye aseme." Chifu alifunga baraza kwa maombi. Baada ya hapo watu walianza kubadilishia viatu nyuma ya duka la dawa za mifugo, tena kwenye mvua, ili tu wasiketi kwenye benchi lake. Chai aliyoipika aliimwaga. Shemeji hakumsemesha tena isipokuwa matangani. Binti yake alimsihi aachane na mambo ya watu, akamjibu kwamba mambo ya watu ndiyo yaliyo ukutani kwake na hana pengine pa kuyaweka.

Nikipanda kumsalimia alinipa ujumbe mmoja tu, kwa maana mjane sasa alikuwa amepanga chumba hapa Nakuru na ana kibanda cha mboga karibu na kwetu. Minji zetu zote zinatoka kwake. "Ukimwona mwambie gambuti zake ziko," mama aliniambia. Nami niliufikisha. Mjane alijibu, "Mwambie nimesikia." Miaka ikaenda hivyo, mimi nikipanda na kushuka na salamu mbili ambazo hazikukua. Wenye gambuti nyingine walikuja mmoja mmoja, wengine wakatuma ndugu, wengine nadhani walikufa huko walikokuwa. Mwishowe zikabaki za uzi wa kijani peke yake. Mama alizipangusa na kuzipaka mafuta ya kujipaka ili mpira usipasuke. Niliwahi kuudhika na mjane, sikufichi msomaji. Niliona anamnyima rafiki yake jambo dogo, safari ya asubuhi na kurudi jioni.

Na dunia nayo haikungoja. Lami ilifika hadi stejini. Siku hizi bodaboda anakutoa mlangoni kwako ukiwa na viatu vyako vya ngozi, tope anakanyaga yeye. Kibanda cha mabanzi kilibaki na wateja wa chai tu, kisha na wazee wachache, kisha na mama mwenyewe. Nimehudhuria semina za maridhiano, nikala chakula chake, nikapewa fulana iliyoandikwa amani kifuani. Fulana hiyo sasa tunapangusia madirisha. Katika semina hizo zote sikumsikia mtu akitaja kitu kimoja chenye umbo, kama geti au kisima au mipaka. Walitaja mioyo. Moyo ni kitu rahisi sana kukirudisha kwa mwenyewe kwa sababu hakuna anayekuja kupima. Hili linaniudhi, na nikiudhika mnajua siandiki vizuri.

Siku nilipopata habari nilikwenda moja kwa moja kwa mjane. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaambua minji. Nikamwambia rafiki yake amefariki. Mikono haikusimama. Minji ziliendelea kuanguka kwenye sufuria moja moja, na nilitaka kumshika mikono aache. "Lini mazishi?" akauliza. Nikamwambia Jumamosi. Hapo hasira yangu ya miaka ikatoka, nikamwambia kwamba yule mama alisimama barazani kwa ajili yake, peke yake, na kwamba alipoteza wateja na ndugu kwa sababu ya gambuti mbili za mpira, na kwamba angeweza angalau kwenda kuzichukua akiwa hai.

"Najua ya baraza," alinijibu. "Kwani wewe unadhani habari za kule hunifikia kwa mkono wako tu? Alisema, na akasema peke yake. Mtu mmoja akisema peke yake, watu husema amekohoa." Nikamwuliza kwa nini basi hakwenda. Sasa ndipo mikono iliposimama. "Mwalimu, wewe ni msomi na hujaona? Gambuti zangu zikiwa pale, mimi nimeenda sokoni. Nimechelewa tu. Siku nikienda nizichukue nizilete hapa, nitakuwa nimehama. Yeye alijua hivyo. Hakuwa ananiita nikuje nichukue. Alikuwa ananiambia bado ziko." Nilikuwa nimebeba ujumbe ule miaka yote bila kujua nimebeba nini. "Na sasa amekufa," akaendelea, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza, "watafagia kile kibanda. Watatupa. Nitakuwa sina kitu kule, hata kisigino. Jumamosi naenda."

Tulipanda naye pamoja. Kutoka Molo kwenda juu alitazama nje tu na kila mara akafungua na kufunga kibeti chake. Boma la marehemu liko mteremkoni, chini ya lami, na mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo pale penye hema watu walikuwa wamezama hadi vifundoni. Binti alituona kwa mbali. Hakuja kutupa mkono. Aliingia nyumbani kwanza, akatoka na gambuti zenye uzi wa kijani, akapiga magoti topeni mbele ya mjane na kumvua viatu mwenyewe. "Mathe alisema zisitoke hapa mpaka ukuje," alimwambia. Mafuta yote yale hayakusaidia, mpira ulikuwa umepasuka kwenye kifundo na maji yaliingia. Mjane alizivaa hivyo hivyo. Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama mahali pengine.

Msemaji wa familia alikuwa shemeji. Alipewa kipaza sauti akiwa na suti na viatu vilivyong'aa, na niseme ukweli, anajua kusema. Alitwambia marehemu alikuwa mama wa amani. Alitwambia alitunza vitu vya watu wa kila kabila wakati ambapo wengine walikuwa wamepotoka, na kwamba familia nzima inajivunia jambo hilo, na kwamba nyumba hii haijui ubaguzi. Watu walipiga makofi. Mjane hakupiga wala hakununa. Tulizika, tukaimba, kila mtu akatupa udongo wake, naye alitupa wake na kubaki pale kaburini mpaka binti akamshika mkono. Wakati wengine wanapanga foleni ya wali na nyama, yeye aligeuka akashika njia ya kijito. Nilimfuata. Binti naye alifuata, na nyuma yetu watu kadhaa walianza kuja na sahani zao mkononi, kwa maana kila mtu pale alijua njia ile inakwenda wapi.

Shemeji alitupita mbio mbio, suruali ameipandisha, ili afike kabla yetu. Palipokuwa na nyumba ya mjane hapana kitu, ni nyasi. Pengine pote ni viazi, viazi vizuri, na mbele yake geti la mbao ambalo shemeji mwenyewe alilijenga. Akalifungua wazi, akaingia, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa siku hii muda mrefu na alitaka kuifanya vizuri. "Karibu, mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Karibu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mjane alisimama nje. "Mzee," alisema, "mimi nikaribishwe hapa?"

"Ni heshima tu, mama. Ingia."

"Kama ni heshima, toka nje kwanza. Hapa mwenye kukaribisha ni mimi."

Alicheka kidogo, akatutazama sisi, akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Yule binti, ambaye ni mtoto wa ndugu yake, akasema polepole, "Baba mdogo, toka tu." Mimi niliogopa, maana nimewahi kuona mambo madogo kuliko hayo yakiwasha moto. Aliushika ukingo wa geti, akauachia. Kisha akatoka. Viatu vyake vilizama na hakuvitazama. Mjane aliingia, akafunga geti, akakazia waya wake. Alitembea kati ya matuta kwa uangalifu asikanyage kiazi cha mtu, hadi pale penye nyasi, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Hatukumwona uso. Aliporudi alishika geti kwa ndani, akamtazama yule mzee aliyekuwa anangoja njiani pamoja nasi, katikati ya sahani zetu za wali.

"Siku nikijenga nitakuita chai," alimwambia. "Leo sina mahali pa kukuketisha."

Sijui yatakayofuata. Hati anayo, chifu amekwisha kusikia, na viazi vya mzee vimo ardhini vinangoja kuchimbwa, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba mambo yameisha na siwezi kulala nikijifanya yameisha. Mjane amerudi Nakuru, na gambuti ameziacha kwa binti. Funzo nililolipata si tamu, lakini ni langu na ninawagawia. Matangani sisi ni watu wa ajabu, tunamsifu marehemu kwa kutunza kitu cha jirani huku tumekalia kingine cha jirani yule yule, na hema zima hupiga makofi. Yule mama alitunza alichoweza kukiweka chini ya paa lake, kilichobaki kilikuwa chetu kukitunza. Anayetaka kumlilia kwa dhati asilete maua wala hotuba. Aangalie amesimama ndani ya geti la nani, atoke nje, asimame topeni na angoje kukaribishwa.